Halloween Hali ya Hewa Ikichafuka: Mtaani, Jumba la Maduka, Kwenye Mabuti ya Magari au Nyumbani?

Halloween, jioni ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka nyumba za majirani wakipewa pipi, ni tarehe 31 Oktoba, na tarehe hiyo haisubiri anga litulie. Chekechea wamechora maboga mwezi mzima, vazi la simba au la zimamoto limeshanunuliwa, halafu saa 9 alasiri simu inaonyesha mvua, upepo na nyuzi 38 za Fahrenheit, yaani kama 3 za Selsiasi. Kwa mzazi aliyekulia Kigoma, Bukavu au Mombasa na sasa analea watoto Ohio, Minnesota au Ontario, uamuzi wa kutoka au kutotoka ni mzito kidogo kuliko kwa jirani aliyezaliwa hapo. Jirani anajua tangu utotoni mwili wa mtoto unavumilia nini. Wewe unakisia.

Watoto kuzunguka nyumba za watu wakipewa vitu si jambo geni kwetu. Aliyekulia Unguja au Lamu anaujua mkono wa Idi, na ndugu zetu wa Muscat wana Qaranqasho katikati ya Ramadhani. Kigeni ni kuzunguka huko gizani, kwenye baridi, na mtoto wa miaka mitatu aliyevaa mabawa ya kipepeo.

Hapa chini nalinganisha njia nne kwa familia zenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na saba: kutoka nje hivyohivyo, kwenda kwenye jumba la maduka, kwenda kwenye pipi za mabuti ya magari (magari yaliyopangwa maegeshoni, pipi zikigawiwa kutoka kwenye mabuti), na kubaki ndani.

Kwanza, ulizia tarehe

Marekani na Kanada, mji au manispaa mara nyingi ndiyo hutangaza saa za watoto kuzunguka, na wakati mwingine huhamisha siku yenyewe. Baada ya kimbunga Sandy mwaka 2012, Gavana Chris Christie aliisogeza Halloween ya jimbo zima la New Jersey hadi Jumatatu, tarehe 5 Novemba, kwa kuwa nyaya za umeme zilikuwa zimelala barabarani. Mwaka 2019 Meya wa Montreal, Valérie Plante, aliwaomba wazazi wasubiri hadi tarehe 1 Novemba kwa sababu ya mvua kubwa na upepo. Des Moines, Iowa, kwa miaka mingi watoto walizoea kuzunguka tarehe 30 Oktoba na kutoa kichekesho kabla ya kupewa pipi. Mwaka 2024 mji uliahirisha hadi tarehe 31 kwa sababu ya hali ya hewa.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa mji wako mchana, au muulize mwalimu. Ujue pia kwamba si kila mwenye nyumba hufuata tangazo. Taa ya mlangoni ndiyo ishara: ikiwaka, karibuni; ikizimwa, piteni.

Tutapimia nini

Mwili. Baridi peke yake si adui mkubwa. Kulowa na upepo ndivyo vinavyomaliza joto la mtoto mdogo, ambaye hupoa haraka kuliko mtu mzima. Kwenye nyuzi 32 za Fahrenheit, penye maji kuganda, upepo wa maili 20 kwa saa hufanya ngozi ihisi kama nyuzi 20. Mimi naiogopa mvua ya nyuzi 38 kuliko theluji kavu ya nyuzi 28, maana theluji kavu unaikung'uta mabegani na kuendelea.

Barabara. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo tarehe 31 Oktoba kunabaki na mwanga kidogo jioni. Minneapolis jua huzama dakika chache baada ya saa 12. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia takwimu za Marekani za miaka 42, ulionyesha kwamba hatari ya mtu wa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida, na walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 4 hadi 8. Vioo vya magari vikiwa vimelowa, dereva huona hafifu zaidi.

Raha. Ya mtoto, si ya picha zako. Mtoto wa miaka miwili hahesabu nyumba, lakini wa miaka sita anahesabu, na Jumatatu ataulizwa shuleni.

Mfuko na usafiri. Je, una gari? Je, ulitoka zamu ya usiku? Je, kuna ada?

Pipi zenyewe sizilinganishi, kwa sababu tahadhari ni ileile kote. Pipi ngumu za mviringo na karanga nzima zisimfikie mtoto wa chini ya miaka minne, maana humkaba. Ukiona boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani, nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula kwa watoto wenye mzio.

Radi nayo haina mjadala. Ukisikia ngurumo, shughuli ya nje imekwisha, na hamrudi nje hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

1. Kutoka nje hivyohivyo, ila kwa ufupi

Hii ndiyo Halloween ambayo mtoto ameahidiwa. Na usiku mbaya una faida ambayo wengi hawaitarajii: watoto ni wachache, wenye nyumba wamenunua pipi za kutosha mtaa mzima, na bakuli bado limejaa. Wanatoa kwa kiganja. Nyumba sita au saba zinamtosha mtoto wa miaka mitatu kujaza ndoo yake.

Mwili. Joto liwekwe chini ya vazi. Mtoto akivalishwa koti juu ya vazi la simba, simba amepotea na kilio kinaanza. Wazazi wa Minnesota hununua vazi la saizi moja zaidi ili sweta na suruali nene viingie ndani. Wana haki ya kujihadhari: kwenye dhoruba iliyoanza siku ya Halloween mwaka 1991, Minneapolis ilipata zaidi ya inchi 28 za theluji kufikia tarehe 3 Novemba. Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mtoto; sufu au poliesta ni bora. Gambuti, soksi za sufu, na jozi moja ya soksi kavu mfukoni mwako. Kama ni mvua, koti la plastiki linaloonyesha ndani hulinda na halifichi vazi.

Rangi za usoni hutiririka na kuingia machoni, na kinyago hushika ukungu hadi mtoto haoni ngazi. Usiku kama huu kofia ya sufu yenye masikio ya paka inafanya kazi nzuri kuliko vyote viwili. Ile ndoo ya plastiki yenye umbo la boga ikiwa wazi hujaa maji ya mvua, na baada ya nyumba kadhaa pipi zinaogelea. Weka mfuko wa plastiki ndani yake na uufumbe kila baada ya nyumba. Mfuko wa karatasi uache nyumbani, utapasuka chini.

Mtoto wa kwenye kigari avikwe blanketi, na kifuniko cha plastiki kiwekwe bila kuziba matundu ya hewa. Halafu mwangalie uso. Mtoto mdogo hasemi anasikia baridi. Ananyamaza ghafla, au analia bila sababu, au anagoma kutembea. Akitetemeka, nyumba inayofuata ni yenu.

Barabara. Hapa ndipo njia hii ilipo dhaifu. Bandika utepe wa kung'aa mgongoni na kwenye ndoo, mpe tochi au kijiti cha mwanga, na umshike mkono. Panga mzunguko wa barabara moja: mnakwenda upande mmoja, mnavuka mara moja kwenye kona, mnarudi upande wa pili. Mwavuli mkubwa huziba macho yako mwenyewe, kwa hiyo kama lazima uwe nao, uwe wa plastiki inayoonyesha. Ngazi za mbao zenye majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na kanzu ya binti mfalme inayoburura ni mtego. Ipinde kwa pini kabla hamjatoka.

Raha. Kubwa, hasa kuanzia miaka minne. Kugonga mlango wa mtu usiyemjua, kusema “trick or treat” (yaani nipe pipi au nikufanyie utani) na kupewa kitu ni ujasiri ambao njia nyingine zote zinauiga tu.

Mfuko. Karibu bure, na hauhitaji gari.

Inamfaa nani. Mtoto wa miaka minne na zaidi, mwenye afya, kwenye mtaa wenye nyumba zilizokaribiana, na kwenu pawe dakika kumi kwa mguu kutoka mahali popote mtakapofika. Haimfai mchanga wa miezi, wala mwenye pumu ambaye hewa baridi humbana kifua. Na kama njia za miguu zimeganda barafu, haimfai yeyote anayebeba mtoto.

2. Jumba la maduka

Maduka huweka bakuli mlangoni, watoto hupita na mavazi yao kwa saa mbili hivi za jioni. Mara nyingi ni bure.

Mwili. Kukavu, kuna joto, kuna choo na mahali pa kubadili nepi. Tatizo ni joto kupita kiasi: mtoto aliyevalishwa nguo tatu chini ya dubu wa manyoya hutoka jasho, kisha anatolewa kwenye upepo akiwa amelowa kwa ndani. Mvalishe vazi jepesi na beba koti mkononi.

Barabara. Ndani hakuna magari. Nje, kwenye maegesho, ni giza, mvua na madereva wanaorudi nyuma wakitafuta nafasi, na mtoto mfupi haonekani kwenye kioo. Mbebe, au akae kwenye kigari hadi mlangoni. Jambo jingine linalosahaulika: jaketi nene au vazi lililojazwa sponji lisivaliwe chini ya mikanda ya kiti cha mtoto cha gari. Kwenye ajali sponji linaminyika, mkanda unabaki umelegea. Vua, funga mkanda, kisha mfunike na blanketi.

Raha. Inategemea umri kuliko njia nyingine yoyote. Wa mwaka mmoja na nusu anashangaa taa na dinosaria wa kila rangi. Wa miaka sita anaona foleni. Na mvua ikinyesha mji mzima hukimbilia palepale, pipi huisha mapema, na unatembea mbele ya mabakuli matupu. Nenda dakika za mwanzo au usiende.

Mfuko. Mlango ni bure, lakini njia ya kutokea inapita mbele ya viazi vya kukaanga na duka la vinyago vya kuchezea. Hesabu na mafuta.

Inamfaa nani. Wachanga, watoto wanaotumia kiti cha magurudumu, na familia iliyo na bibi aliyetoka Bujumbura mwezi uliopita ambaye hajazoea barafu.

3. Pipi za mabuti ya magari

Kanisa au shule hupanga magari kwenye maegesho, kila buti likiwa wazi na limepambwa, na watoto hupita kutoka buti hadi buti. Nyingi hufanyika wikendi kabla ya tarehe 31, hivyo huenda imeshapita unapoanza kuitafuta.

Mwili. Swali moja linaamua: mvua ikija, wanaingia ndani? Wengi huhamishia kwenye ukumbi au uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, meza zikachukua nafasi ya mabuti. Wakiingia, njia hii haina shida ya baridi. Wakibaki nje, ni mbaya kuliko mtaani, maana maegesho ni uwanja mtupu usio na nyumba ya kukata upepo wala baraza la kujikinga. Piga simu kabla hujamvalisha mtoto.

Barabara. Hapa inaongoza. Magari yamezimwa, eneo limezungushiwa kamba, watu wanafahamiana.

Raha. Nzuri na ya haraka. Mabuti ishirini yanapitwa kwa muda ambao mtaani mngefika nyumba chache tu. Mara nyingi kuna michezo na chai ya moto. Mkubwa kidogo anaweza kusema haikuwa Halloween ya kweli, na sitabishana naye.

Mfuko. Kwa kawaida ni bure. Ukijitolea gari lako, tenga pesa ya mfuko mkubwa wa pipi.

Kuna jambo ambalo vigezo vyangu haviligusi. Makusanyiko mengi ya Wakristo wanaosema Kiswahili husali alasiri katika jengo la kanisa la Wamarekani, na usiku kama huu makundi mawili yanayopishana mlangoni kila Jumapili hupata sababu ya kusalimiana. Pia kuna wazazi ambao imani yao haipatani na mizimu na mafuvu. Makanisa kadhaa hufanya tamasha la mavuno usiku huohuo bila mambo hayo, na familia ya Kiislamu inayosita kwenda kanisani huenda ikaridhika na lile la shule. Kama mmeamua kutoshiriki kabisa, hilo nalo ni jibu, na halihitaji kisingizio cha mvua.

Inamfaa nani. Wageni wasiojua mtaa wao bado, wenye watoto watatu au wanne wa kuangalia kwa pamoja, na wanaoishi kandokando ya barabara kubwa isiyo na njia ya miguu.

4. Kubaki ndani: nyumbani na kwenye korido za flati

Wengi huiona hii kama adhabu. Kwa wanaoishi kwenye majengo ya flati, na wetu wengi ndiko wanakoanzia maisha, inaweza kuwa Halloween kamili.

Kwenye jengo: siku mbili kabla, ongea na majirani au andika kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Anayekubali anabandika boga la karatasi mlangoni. Asiyebandika hagongewi, maana si kila jirani anaadhimisha na mwingine analala kwa ajili ya zamu. Watoto wanapanda ghorofa kwa ghorofa kwa soksi na ndara. Muulize kwanza msimamizi wa jengo, baadhi yao hawapendi.

Ndani ya nyumba: kila mtu mzima anakaa nyuma ya mlango mmoja, chumbani, bafuni, stoo. Mtoto anagonga, mlango unafunguka, baba amevaa kilemba cha mama, anatoa pipi moja. Wa miaka mitatu atataka mrudie mpaka mchoke. Njia nyingine ni kumpa bakuli awe mgawaji wa pipi kwa wanaogonga. Wapo watoto wanaopenda kugawa kuliko kuomba. Shangazi wa Dodoma hawezi kuliona vazi kwa simu saa hizo, kwake ni usiku wa manane, basi rekodini video mtume.

Mwili. Hakuna wasiwasi. Barabara. Hakuna, ila ngazi za jengo na milango ya lifti vinataka mkubwa awepo.

Raha. Hadi miaka minne, haipungui kitu. Kuanzia mitano inategemea kama kuna watoto wengine. Akiwa peke yake na wazazi wawili waliochoka, atajua kwamba mnamfariji.

Mfuko. Pipi ununue mwenyewe, mfuko mmoja unatosha.

Inamfaa nani. Mgonjwa, mchanga, mzazi anayeingia zamu usiku huo, na yeyote siku ya radi au barafu.

Uchague vipi

Mvua nyepesi, upepo mdogo, mtoto wa miaka mitano: tokeni mapema, saa 11:30 jioni kama saa za mji zinaruhusu, mzunguke barabara moja mkiwa bado na mwanga, mrudi kwenye uji wa moto.

Theluji kavu na utulivu: nje panafaa hata kwa wa miaka mitatu mwenye gambuti na glavu, mradi mtu amemwaga chumvi kwenye ngazi.

Mvua kubwa na upepo, una gari: jumba la maduka kwa wa chini ya miaka mitatu, kwa mkubwa zaidi, mabuti yaliyohamishiwa ukumbini. Huna gari: flati na korido zake. Usipange kusubiri basi na mtoto aliyelowa.

Radi au barafu: ndani, na mueleze mtoto mapema, asiyajue mlangoni akiwa ameshavaa viatu.

Mtoto mwenye pumu, au aliyeamka na homa: nyumbani. Kama analia vazi lake, avae vazi, agonge mlango wa jikoni.

Wa miaka saba na wa miaka miwili kwenye nyumba moja: msiwafunge pamoja. Mzazi mmoja atoke na mkubwa kwa nusu saa, mwingine abaki na mdogo agawe pipi mlangoni. Mzazi ukiwa peke yako, fuata uwezo wa mdogo, halafu mtafutie mkubwa nafasi na familia ya mwanafunzi mwenzake mnayemfahamu vizuri, kwa kupatana saa ya kurudi.

Na kama mji wenu umehamisha siku, msizunguke mara mbili. Pipi zilizobaki madukani hushushwa bei kuanzia tarehe 1 Novemba, kwa hiyo aliyekosa usiku wenyewe bado anajaziwa ndoo yake kwa pesa kidogo.